Dr. Dre: Sikio Lililoijenga Hip Hop ya Magharibi

Miaka ya 1980 ilipokuwa inaelekea ukingoni, kijana aitwaye Eric Wright alisimama mbele ya maikrofoni katika studio ya Audio Achievements, mjini Torrance, kusini mwa Los Angeles. Hakuwa msanii. Fedha zake alizipata kwa kuuza dawa za kulevya katika mitaa ya Compton, na sehemu ya fedha hizo alikuwa ameiweka kwenye lebo changa aliyoiita Ruthless Records. Wimbo uliokuwa unarekodiwa ulitungwa na kijana wa sekondari, O'Shea Jackson, ambaye leo tunamjua kwa jina la Ice Cube. Walioletwa kuuimba walikuwa kundi kutoka New York, H.B.O., nao wakaukataa. Maneno yake, walisema, ni ya watu wa Pwani ya Magharibi. Mdundo ulikuwa tayari na studio ilikuwa imeshalipiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuimba.

Aliyekuwa kwenye mitambo akamwambia Wright aingie mwenyewe. Wright hakuwa amewahi kurap. Mapigo yalimpita, pumzi ilimwishia katikati ya mstari. Wakaurekodi mstari mmoja, wakaurudia mpaka ukakaa sawa, ndipo wakaenda kwenye wa pili. Kwa kuunganisha vipande hivyo kimoja baada ya kingine ukapatikana wimbo "Boyz-n-the-Hood", uliotoka mwaka 1987, na Eric Wright akazaliwa upya kama Eazy-E. Sauti yake nyembamba na ya kitoto, ambayo mtayarishaji mwingine angeiona kasoro, ikawa miongoni mwa sauti zinazotambulika upesi kuliko zote katika hip hop.

Huyo aliyekuwa kwenye mitambo ni Andre Young, Dr. Dre. Watu humtaja kama rapa, na ni kweli ameuza mamilioni ya albamu kwa sauti yake mwenyewe. Lakini mistari yake mingi iliandikwa na wengine, wala hajawahi kulificha hilo. Kazi iliyompa nafasi katika historia ni ile aliyoifanya siku ile Torrance: kusikia ndani ya mtu sauti ambayo mwenyewe haijui, kisha kumshikilia hapo hapo mpaka itoke. Ukiifuata kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40, unaifuata pia safari ya hip hop kutoka kumbi za densi za Los Angeles hadi kilele cha biashara ya burudani ya Marekani.

Mtoto wa santuri

Andre Romelle Young alizaliwa Compton, California, tarehe 18 Februari 1965. Jina lake la kati lilitokana na kundi la waimbaji alilokuwamo baba yake. Wazazi walitengana, na mama yake, Verna, akabeba mzigo mkubwa wa malezi. Nyumba ile haikukosa santuri za soul na funk, na Andre angali mdogo ndiye aliyekuwa akizipiga wageni walipokuja. Muziki wa Parliament, wa James Brown na wa Isaac Hayes ulimwingia kabla hajajua kuwa muziki unaweza kuwa kazi.

Mwaka 1981 ilitoka rekodi ya Grandmaster Flash kutoka New York iliyotengenezwa kwa santuri za watu wengine tu, zikichezeshwa na kuunganishwa kwa mikono ya dijei. Andre aliisikia akaona njia. Muda si mrefu alikuwa kwenye ukumbi wa Eve After Dark, uliomilikiwa na Alonzo Williams, akichezesha muziki kila mwisho wa juma. Jina alilojipa lilitokana na nyota wa mpira wa kikapu, Julius Erving, aliyekuwa akiitwa Dr. J.

Wanaoikumbuka enzi ya ukumbi ule husimulia jinsi alivyochukua wimbo wa zamani wa Motown, "Please Mr. Postman" wa The Marvelettes, akaulaza juu ya mdundo wa mashine wa "Planet Rock" wa Afrika Bambaataa. Nyimbo hizo zilitenganishwa na miaka zaidi ya 20, moja ya wasichana wa Detroit na nyingine ya vijana wa Bronx, na mikononi mwake zikaenda pamoja kana kwamba zilitungwa siku moja. Humo tayari mlikuwa na Dr. Dre mzima wa baadaye: utamu wa zamani uliobebwa na mdundo mpya.

Nyuma ya ukumbi palikuwa na studio ndogo. Hapo Dre na rafiki yake Antoine Carraby, DJ Yella, walijifunza kurekodi. Wakiwa na kundi la Williams, World Class Wreckin' Cru, walitoa nyimbo za densi wakiwa wamevaa mavazi ya kumeta, kama ilivyokuwa desturi ya wanamuziki wengi wa Los Angeles wakati huo. Mtangazaji Greg Mack wa redio ya KDAY akawapa kazi ya kuandaa mchanganyiko wa nyimbo kwa ajili ya watu waliokwama kwenye foleni za magari. KDAY ilikuwa redio ya AM, lakini ilipiga hip hop kuliko redio yoyote ya Marekani, na kwa vijana wa Compton na Watts ilikuwa shule. Dre akapata kitu adimu kwa kijana wa umri wake: njia ya kujua, kila siku, ni mdundo gani unawagusa watu na upi unawapita.

Compton yajulikana duniani

Compton ya miaka ya 1980 ilikuwa mji uliokuwa unaumia. Viwanda vilivyowaajiri wazazi vilikuwa vimefungwa au kuhama, kokeini ya bei rahisi aina ya crack ilikuwa imeingia, magenge yalikuwa na silaha, na polisi wa Los Angeles waliwasaka vijana weusi kwa misako iliyowakamata mamia kwa usiku mmoja. Nyimbo za densi na mavazi ya kumeta hazikuwa na la kusema juu ya hayo. Dre akaondoka kwa Williams, akaungana na Eazy-E, Ice Cube, MC Ren na Yella. Kundi likaitwa N.W.A.

Albamu yao "Straight Outta Compton" ya mwaka 1988 ilirekodiwa Torrance kwa gharama ndogo na kwa muda mfupi. Ice Cube na Ren waliandika sehemu kubwa ya maneno. Dre na Yella walijenga sauti. Ngoma nzito, gitaa za funk zilizokatwakatwa, ving'ora na kelele za barabarani vilimweka msikilizaji katikati ya mtaa ambao magazeti yalikuwa yakiuandika kwa mbali. Redio nyingi hazikuipiga, hata hivyo albamu ilipita nakala milioni moja.

Mwezi Agosti 1989 ofisa wa FBI, Milt Ahlerich, aliiandikia kampuni iliyoisambaza, Priority Records, barua ya kulalamikia wimbo uliowashambulia polisi. Kundi likatangazwa bure kuliko ambavyo tangazo lolote la kulipia lingefanya. Muhimu zaidi, lawama za wimbo ule hazikuwa za kubuni. Mwezi Machi 1991 kamera ya mkazi mmoja iliwanasa polisi wa Los Angeles wakimpiga Rodney King, na Wamarekani ambao hawakuwa wamewaamini vijana wa Compton wakaona kwa macho yao.

Katika miaka hiyo michache Dre alifanya kazi ya kushangaza kwa wingi wake. Alitayarisha albamu ya Eazy-E, ya The D.O.C., na ya mwimbaji Michel'le, ambaye sauti yake ya mazungumzo ni ya kitoto na ya kuimba ni nzito. Hata hivyo, aliyepata fedha kidogo ni yeye mtayarishaji. Ice Cube aliondoka mwishoni mwa 1989 akidai haki zake za malipo kwa Eazy-E na meneja Jerry Heller. Dre alibaki mpaka 1991, mwaka ambao albamu ya pili ya N.W.A ilishika namba moja katika chati ya albamu ya Billboard, kisha naye akaondoka kwa madai yale yale. Kilichowavunja hakikuwa barua ya FBI. Ilikuwa hesabu ya fedha baina ya marafiki.

Mdundo uliotengenezwa kwa ajili ya gari

Pamoja na Marion "Suge" Knight, The D.O.C. na Dick Griffey, Dre alianzisha Death Row Records. Ugomvi na Ruthless ulifika mahakamani, na kampuni nyingi ziliogopa kuwagusa. Jimmy Iovine wa Interscope, ambaye aliwahi kuwa fundi mitambo wa rekodi za John Lennon na Bruce Springsteen, ndiye aliyekubali kuwasambaza. Iovine amesimulia mara nyingi kwamba hakuijua hip hop vizuri. Alichosikia ni usafi wa sauti, akauliza ni nani aliyeirekodi.

Rekodi hiyo ilikuwa "The Chronic", iliyotoka tarehe 15 Desemba 1992, miezi michache baada ya Los Angeles kuwaka moto kufuatia kuachiliwa kwa polisi waliompiga King. Ili kuelewa upya wake, inafaa kujua jinsi hip hop ilivyokuwa inatengenezwa. Watayarishaji wengi walikuwa wakikata kipande cha rekodi ya zamani na kukirudiarudia. Mwezi Desemba 1991, mahakama ya New York iliamua kwamba rapa Biz Markie na kampuni yake walivunja sheria kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Kuanzia hapo kila kipande kilihitaji kibali cha watu wawili: mwenye rekodi na mwenye utunzi.

Dre alikuwa tayari na njia nyingine aliyoipendelea. Aliwaita wanamuziki studioni, akawasikilizisha wimbo wa zamani, akawaomba waupige upya kwa vyombo. Hivyo alilipia utunzi tu, lakini faida kubwa haikuwa ya fedha. Besi iliyopigwa upya ungeweza kuishusha, kuinenepesha, kuibadilisha katikati ya wimbo. Kipande kilichokatwa kwenye santuri hakikukubali kuguswa hivyo. Colin Wolfe alipiga besi na vinanda. Sintesaiza ya Moog ikatoa ule mluzi mrefu, mwembamba, unaopanda na kushuka juu ya mdundo wa taratibu, sauti ambayo kundi la Ohio Players lilikuwa limeichezea katika "Funky Worm" miaka 20 nyuma. Dre akaifanya bendera ya California.

Juu ya msingi huo aliuweka muziki wa George Clinton na Parliament, uleule wa utotoni mwake. Na alijua utasikilizwa wapi. Los Angeles ni mji wa barabara ndefu na magari yaliyoshushwa chini, yenye spika kubwa nyuma. Dre alisema wazi kuwa anatengeneza muziki wa kupigwa kwa sauti kubwa ndani ya gari. Ndiyo maana nyimbo zile hazina haraka. Kila ala ina nafasi yake, hakuna inayomkanyaga mwenzake, na besi inatulia chini kabisa ambapo inasikika kifuani kabla ya kusikika sikioni.

Humo ndani aliingia kijana mrefu kutoka Long Beach, Calvin Broadus. Kanda yake ililetwa na Warren G, ndugu wa kambo wa Dre, na kuchezwa kwenye sherehe. Rapa wengi wa wakati ule walikuwa wakipaza sauti. Broadus, yaani Snoop Dogg, alikuwa akizungumza kama mtu aliyeegemea ukuta. Dre aliusikia utulivu huo akaupa nafasi kubwa kwenye albamu kuliko aliyojipa mwenyewe. Wimbo wao "Nuthin' but a 'G' Thang", uliojengwa juu ya wimbo wa Leon Haywood wa mwaka 1975, ulifika namba mbili Marekani. Albamu ya kwanza ya Snoop, "Doggystyle", iliyotoka Novemba 1993, iliingia moja kwa moja namba moja na kuuza zaidi ya nakala 800,000 katika wiki ya kwanza. Mwaka 2020 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka "The Chronic" katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Sauti iliyochukua miaka 24 kusikilizwa

Historia hii haiwezi kuandikwa kwa nyimbo peke yake. Mwezi Januari 1991, katika klabu moja ya Hollywood, Dre alimshambulia na kumpiga Dee Barnes, mtangazaji wa kipindi cha hip hop cha televisheni, "Pump It Up!". Alikuwa amekasirishwa na kipindi kilichomwonyesha Ice Cube akiwasema wenzake wa zamani. Mahakamani Dre hakupinga shitaka. Alitozwa faini, akapewa kazi ya jamii na kuwekwa chini ya uangalizi. Kesi ya madai ilimalizwa nje ya mahakama. Michel'le, aliyekuwa mwenzi wake na aliyezaa naye mtoto, naye alieleza hadharani kwamba alipigwa kwa miaka.

Adhabu ya sheria ilikwisha upesi, na muziki ukasonga mbele. Kazi ya Barnes katika televisheni ndiyo iliyokwama. Mwaka 2015 filamu iliyosimulia maisha ya N.W.A, ambayo Dre alikuwa mmoja wa watayarishaji wake, ilipokelewa kwa shangwe na kuingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Mkasa wa Barnes haukuwamo. Barnes akaandika mwenyewe, kwa jina lake, kile kilichoachwa nje. Siku chache baadaye Dre alitoa taarifa kwa gazeti la New York Times akiwaomba radhi wanawake aliowaumiza, akakiri kwamba alikosea na kwamba alichokifanya kiliyabadili maisha yao wote.

Mtu aliyeweza kusikia kosa dogo la ngoma katikati ya ala 20 alihitaji miaka 24 kuisikia sauti hiyo. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu wapenzi wa muziki tuna tabia ya kuwaita wanawake kama Barnes "tukio" katika maisha ya msanii. Barnes alikuwa mwandishi wa hip hop wakati waandishi wa hip hop walikuwa wachache, na wanawake miongoni mwao wachache zaidi. Alichopoteza yeye ni sehemu ya historia ya muziki huu sawa na albamu yoyote iliyouza mamilioni.

Kuanza upya mara mbili

Death Row iligeuka mahali pa hofu. Vurugu, vitisho na watu wasio na kazi ya muziki vilijaa studioni. Dre mwenyewe hakuwa mtulivu. Mwaka 1995 alitumikia kifungo kwa makosa yaliyotokana na kuendesha gari akiwa amelewa na kuwakimbia polisi. Machi mwaka huo huo Eazy-E alifariki kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Mwishoni mwa mwaka ulitoka "California Love", wimbo ambao Dre alikuwa ameutengeneza kwa ajili yake mwenyewe kabla haujawa wa rapa Tupac Shakur. Video yake ilipopigwa Compton, mtoto wa miaka minane alibebwa mabegani na baba yake ili awaone. Aliitwa Kendrick Lamar Duckworth.

Mwezi Machi 1996 Dre aliondoka Death Row akiacha nyuma rekodi alizozijenga, akaanzisha Aftermath Entertainment chini ya Interscope. Miezi sita baadaye Tupac aliuawa Las Vegas. Miaka ya kwanza ya Aftermath haikuwa rahisi. Albamu ya wasanii mbalimbali ya mwaka 1996 haikuwasha moto uliotarajiwa, na kundi la The Firm, lenye Nas na wenzake, halikutimiza matumaini. Wengi waliona zamu yake imekwisha.

Ndipo ikaja kanda ya rapa mzungu kutoka Detroit. Marshall Mathers, yaani Eminem, alikuwa ameshika nafasi ya pili kwenye mashindano ya rap Los Angeles mwaka 1997, na rekodi yake ikamfikia Iovine, aliyempelekea Dre. Ofisini wapo waliomwonya. Kabla yake, mmoja wa wazungu waliovuma kwa nguvu katika rap alikuwa Vanilla Ice, na jina hilo lilikuwa kichekesho. Dre aliwajibu kwa kuingia studioni. Wimbo "My Name Is" ulitungwa katika kikao chao cha kwanza. "The Slim Shady LP" ilitoka Februari 1999, na albamu iliyofuata, mwaka 2000, iliuza zaidi ya nakala milioni 1.7 katika wiki moja.

Dre aliyepata nguvu mpya alitoa albamu yake ya pili, "2001", mwezi Novemba 1999. Wimbo "Still D.R.E." unaonyesha jinsi anavyofanya kazi. Sauti chache za kinanda zinazojirudia zilipigwa na Scott Storch. Maneno yake na ya Snoop yaliandikwa na Jay-Z. Je, kazi ya Dre ni ipi? Ni kuchagua noti zile chache na kukataa kuziongezea. Ni kujua ngoma iwe na ukavu gani. Ni kumrudisha rapa kwenye maikrofoni mara ya 20 kwa silabi moja iliyochelewa. Mtayarishaji Quincy Jones hakupiga kila ala katika "Thriller", na hakuna anayeuliza alifanya nini. Mwaka 2001 Dre alipewa Grammy ya mtayarishaji bora wa mwaka.

Waliopita mikononi mwake wakati huo hawafanani hata kidogo. Mary J. Blige alikaa namba moja wiki sita kwa "Family Affair", wimbo wa kucheza kutoka kwa mwimbaji aliyejulikana kwa nyimbo za majonzi. Eve alipata wimbo wake mkubwa kuliko zote. 50 Cent, aliyepigwa risasi tisa na kukimbiwa na lebo yake, alifika Aftermath akiwa na jeraha la risasi lililomwachia sauti ya kukokota. "In da Club" ya mwaka 2003 ilikaa namba moja wiki tisa. Katika kila mmoja Dre alisikia tofauti yake akaikuza, badala ya kuwavisha wote vazi moja.

Albamu isiyotoka na biashara iliyofaulu

Subira hiyo ilikuwa na gharama. Mapema miaka ya 2000 Dre alitangaza albamu ya mwisho, "Detox". Watayarishaji na waandishi kadha wa kadha waliitwa, nyimbo nyingi zikarekodiwa, na wapenzi wakangoja kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2015 alitangaza redioni kwamba ameitupa kwa sababu haikuwa nzuri. Kwa msanii wa kawaida hilo ni anguko. Kwake lilikuwa uaminifu kwa kipimo kile kile alichowawekea wengine: kama sikio halijaridhika, kazi haitoki, hata ikiwa ni ya mwenye lebo.

Wakati huo sikio hilo lilikuwa limepata kazi nyingine. Mwaka 2006 Dre na Iovine walianzisha kampuni ya Beats, na hedifoni zao zikaingia sokoni mwaka 2008. Lalamiko lao lilikuwa la kitaalamu: vijana walikuwa wanasikiliza kwa vifaa duni vya bei nafuu muziki uliochanganywa kwa miezi, na besi ilikuwa inapotea njiani. Mafundi wengine wa sauti walisema hedifoni hizo zina besi kupita kiasi. Wanunuzi waliona zinafanana na muziki waliokua nao. Mwaka 2014 kampuni ya Apple ilitangaza kuinunua Beats kwa dola bilioni 3, ununuzi mkubwa kuliko wote iliyokuwa imefanya mpaka wakati huo. Mwaka mmoja kabla, wawili hao walikuwa wametoa dola milioni 70 kwa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California kuanzisha shule inayofundisha sanaa, teknolojia na biashara pamoja.

Compton yajibu

Yule mtoto aliyebebwa mabegani alikua akawa rapa. Kendrick Lamar aliingia Aftermath, na mwaka 2012 akatoa "good kid, m.A.A.d city" huku Dre akiwa mtayarishaji mkuu. Ni albamu kuhusu Compton ileile, lakini inasimuliwa na kijana anayeogopa, anayesali, anayemsikia mama yake kwenye simu. Vijana wa N.W.A walijificha nyuma ya ubabe, Kendrick aliuvua. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa albamu "DAMN.", na hakuna mwanamuziki nje ya muziki wa klasiki na jazi aliyewahi kuipata kabla yake. Dre hakumfundisha kuandika hivyo. Alimpa mlango, fedha na muda, kisha akamwacha aseme yake.

Albamu ya tatu ya Dre, iliyotoka Agosti 2015, iliitwa "Compton". Ilimpa nafasi kubwa mwimbaji na mpiga ngoma asiyejulikana sana, Anderson .Paak, ambaye baada yake hakuhitaji tena kutambulishwa. Mapato ya Dre kutokana na albamu hiyo aliyaelekeza kwenye jengo la sanaa la mji huo, na mwaka 2017 akaahidi dola milioni 10 kwa ujenzi wa jengo hilo katika Sekondari ya Compton. Mwanzoni mwa 2021 alilazwa hospitalini kwa tatizo la mshipa wa ubongo. Tarehe 13 Februari 2022 alisimama katikati ya uwanja wa SoFi, Inglewood, si mbali na Compton, akiongoza onyesho la mapumziko ya Super Bowl pamoja na Snoop, Eminem, Blige, 50 Cent na Lamar. Lilikuwa onyesho la kwanza la Super Bowl kujengwa lote juu ya hip hop, na likashinda tuzo ya Emmy. Desemba 2024 yeye na Snoop walitoa albamu "Missionary", miaka 32 tangu "The Chronic".

Vijana wanaojifunza kutayarisha muziki leo wana kwenye kompyuta moja vifaa ambavyo studio ya Torrance haikuwa navyo. Kile ambacho maisha ya Dre yanawafundisha hakiuzwi pamoja na programu: kumsikiliza aliye mbele yako mpaka ujue ana nini kisicho kwa mwingine, kuwaita wapigaji walio bora kuliko wewe na kuwataja kwa majina, na kutupa kazi isiyotosha. Na kwa sababu kusikiliza ndiyo kazi yenyewe, anayeifanya anadaiwa kuwasikiliza pia walio nje ya studio, hasa wale aliowaumiza. Dre aliijenga sauti ya Pwani ya Magharibi kwa kusikia kile ambacho wengine walikipuuza. Heshima anayostahili kwa hilo ni kubwa, na inakuwa heshima ya kweli pale tu jina la Dee Barnes linapoandikwa katika historia hiyo hiyo, kwa wino uleule.